Neno kwa Mama Mwalimu

Leo nina neno kwako wewe mama uliye mwalimu na una watoto wadogo nyumbani.

Siku yako naijua, kwa sababu mke wangu ni mwalimu. Unaamka saa kumi na moja alfajiri, unamwachia yaya mtoto akiwa bado na usingizi, na kabla ya saa mbili uko shuleni. Kutwa unawafuta kamasi watoto wa wenzako, unawashika mkono waandike, unajibu swali moja mara kumi bila kukasirika. Jioni unafika na rundo la vitabu vya kusahihisha, sauti imekauka. Wako akiuliza swali la pili tu, unamkemea. Usiku unalia: nalea wa wengine, wangu nimewaacha.

Mama, fungua Kutoka 2. Yokebedi alimficha Musa miezi mitatu. Miezi mitatu! Ndiyo likizo ya uzazi iliyomo katika Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, na kwa walimu wa TSC makubaliano ya 2021 yaliifikisha siku 120. Kwake miezi ile iliisha, kama yako ilivyoisha. Mungu akafanya jambo: binti Farao akamlipa mshahara amnyonyeshe mtoto wake mwenyewe! Mtoto alipokua, akampeleka kwa binti Farao. Hakukaa naye miaka mingi, lakini alichopanda hakikung'olewa na elimu yote ya Misri. Musa alipokuwa mtu mzima, alitoka akawaendea ndugu zake, akijua kwamba ni wake.

Yokebedi hakupewa muda mrefu. Alipewa muda mfupi, akautumia.

Basi nakusihi, linda nusu saa. Ukifika nyumbani, mkoba wa vitabu ubaki mlangoni, na simu pia. Keti chini na mwanao, msikilize, kisha mwombee ukiwa umempakata. Ugali utapikwa. Vitabu utasahihisha akishalala, au kesho wakati huna kipindi. Wala usiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu ya hatia. Hatia inayokuponda bila kukuonyesha la kufanya haitoki kwa Roho Mtakatifu. Roho akikugusa, hukuonyesha pa kuanzia.

Baba, usiseme Amina ukiwa umekaa. Mtoto akizaliwa, sheria inakupa wiki mbili za likizo. Miaka inayofuata haina sheria, ina upendo. Muogeshe mtoto. Mlaze. Mwache mama yake amalize maandalio ya somo mezani, asiyamalizie kitandani saa sita usiku.

Nanyi kanisa, mkumbukeni dadake Musa, aliyesimama mbali akikitazama kile kisafina mtoni. Alikuwa msichana tu, lakini ndiye aliyekwenda kumwita mama. Jumapili hii mtafute mama mwalimu mmoja. Mbebee mtoto, asikilize neno hadi mwisho wa ibada.

Tuombe. Baba, katika jina la Yesu, wabariki mama zetu walimu. Nguvu wanazomimina darasani, uwarudishie kabla hawajafika mlangoni kwao. Muda wao mfupi uzae matunda ya kudumu. Amina.

Kama neno hili ni lako, andika AMINA, kisha umtumie mwalimu mmoja.