Skrini ya Kompyuta Ikianza Kuugua: Tuipime Kabla ya Kuitupa



Wazazi wetu wapenzi na ndugu wasomaji, baada ya kumshukuru Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), leo tumeona tuandike juu ya jambo ambalo si fiqhi wala tajwidi, lakini limetugusa darasani na tunajua linazigusa nyumba nyingi za hapa Nyamirambo na Biryogo. Nalo ni skrini ya kompyuta iliyozeeka.

Familia nyingi zina kompyuta moja ya mezani, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha tumika au iliyoachwa na ndugu aliyehama. Kompyuta yenyewe huendelea kufanya kazi, lakini skrini huanza kulalamika: mara inazimika, mara inabadili rangi, mara maandishi yanakuwa na ukungu. Hapo watu hugawanyika makundi mawili. Wa kwanza huitupa siku hiyo hiyo. Wa pili huchukua bisibisi na kuifungua. Kwa maoni yetu makundi yote mawili yana haraka.

Madrasa yetu ina skrini bapa ya inchi 17, iliyotolewa sadaka kwa ajili ya watoto. Siku moja kurasa zote nyeupe ziligeuka manjano. Wazazi, Allah awalipe kheri, wakaanza kuchanga fedha za kununua nyingine. Sisi walimu tuliomba tupewe siku tatu za kuichunguza kwanza. Fedha za mchango ni amana, na kifaa kilichotolewa sadaka nacho ni amana. Haifai kutumia amana moja kuitupa nyingine bila ya kujua ugonjwa ni nini.

Kanuni tuliyoifuata ni nyepesi: anza nje, kisha sogea ndani, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na skrini ikapona, hutajua kilichoiponya.

1. Tazama taa ndogo ya mbele

Kama taa haiwaki kabisa, tatizo liko kwenye umeme. Chomeka kitu kingine kwenye soketi ile ile, kama chaja ya simu. Ikiwa chaja inafanya kazi, jaribu waya mwingine wa umeme wa skrini. Waya huo hufanana na ule wa kompyuta, kwa hiyo unaweza kuazima. Kama taa inawaka rangi ya machungwa au inapepesa, skrini iko hai lakini haipati picha kutoka kwenye kompyuta.

Hapa kuna kipimo kimoja chenye faida kubwa. Chomoa waya wa picha kwenye kompyuta, ukiiacha skrini ikiwa imewashwa. Skrini nyingi zitaandika zenyewe ujumbe wa kusema kwamba hakuna picha inayoingia. Ukiusoma ujumbe huo vizuri, kwa rangi zake zote, basi kioo ni kizima, na ugonjwa uko kwenye waya au kwenye kompyuta.

2. Rangi ikibadilika

Waya wa picha wa skrini za zamani ni ule wenye kichwa cha buluu na pini 15, uitwao VGA. Ulianza mwaka 1987 na kompyuta za IBM. Ndani yake rangi tatu husafiri kila moja kwenye njia yake: nyekundu, kijani na buluu. Zikifika zote, macho huona nyeupe. Njia moja ikikatika, rangi hupotea na kuacha alama inayojulikana. Ikipotea buluu, nyeupe inakuwa manjano. Ikipotea kijani, inakuwa zambarau inayoelekea waridi. Ikipotea nyekundu, inakuwa buluu ya kijani kama maji ya bahari.

Yetu ilikuwa manjano, kwa hiyo tulijua kuwa tunaitafuta buluu. Kwanza tulikaza skrubu mbili za kichwa cha waya. Haikusaidia. Tukatazama kama kuna pini iliyopinda. Hapa msishtuke mkiona pini moja haipo, kwani nyaya nyingi hutengenezwa bila ya pini namba 9. Kisha tukaazima waya wa jirani, na nyeupe ikarudi hapo hapo. Waya mpya tuliununua mjini kwa faranga elfu tatu. Fedha zilizobaki za mchango wazazi walikubaliana zinunue juzuu za watoto wapya.

3. Maandishi yakiwa na ukungu

Ndugu wasomaji, hili ndilo tunaloomba mlizingatie zaidi, kwa kuwa linahusu kusoma. Skrini bapa ina idadi maalumu ya nukta ambazo imeumbwa nazo. Ya inchi 17 yenye umbo la karibu na mraba, mara nyingi ni 1280 kwa 1024. Kompyuta ikiwekwa idadi nyingine, skrini hulazimika kukisia, na maandishi hupoteza makali yake.

Katika Kifaransa au Kinyarwanda mtoto ataendelea kusoma. Lakini katika herufi za Kiarabu, baa, taa na thaa zina umbo moja, na kinachozitenganisha ni nukta tu. Nukta tatu za thaa zikiungana na kuonekana kama mbili, mtoto atasoma taa, na neno limekuwa neno jingine. Mtoto akikosea namna hii tusikimbilie kumkemea, wala kusema macho yake mabovu. Kwanza tutazame skrini.

Dawa yake ni kufungua mipangilio ya skrini kwenye kompyuta na kuchagua idadi ile iliyopendekezwa. Baada ya hapo bonyeza kitufe cha kwenye skrini chenye maneno "Auto", ambacho huipanga picha ya VGA mahali pake.

Ikiwa skrini inakataa kabisa na kuandika kwamba kipimo kilichowekwa kiko nje ya uwezo wake, basi haijafa. Kompyuta imeagizwa kutuma picha ambayo skrini hiyo haiwezi kuionyesha. Iwasheni kompyuta kwa ile njia ya dharura iitwayo "Safe Mode", mpunguze kipimo, na kasi ya picha iwekwe 60.

4. Picha ikitokea kisha giza

Wakati mwingine skrini huonyesha picha sekunde mbili, kisha inakuwa nyeusi na taa yake bado inawaka. Zima taa ya chumba, chukua tochi, uimulike skrini kwa upande. Ukiona picha hafifu ndani ya giza, jua kwamba picha ipo, ila taa ya nyuma inayoiangaza imezimika. Skrini bapa za zamani zina taa nyembamba kama zile ndefu za dari, pamoja na kifaa kinachozipandishia umeme. Huenda taa zimechoka, au kifaa hicho kimeharibika, au kapasita za ndani zimevimba vichwa. Hiyo ni kazi ya fundi, si ya baba wa nyumba.

Mahali pa kusimama

Tunasisitiza hili kwa sababu kuna watoto majumbani. Skrini nene za zamani, zile zenye mgongo kama televisheni ya zamani, ndani yake kuna umeme unaoweza kufika volti elfu 25, na unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa plagi. Asifungue mtu asiye fundi. Skrini bapa nazo zina umeme mkali kwenye taa zake, na taa hizo zina zebaki. Vioo vya zile nene vina risasi. Wakati wa mvua za radi chomoeni plagi, na wakati wa kusafisha tumieni kitambaa laini kilicholoweshwa maji kidogo, skrini ikiwa imezimwa. Msipulizie dawa moja kwa moja kwenye kioo.

Na fundi akisema bei, ulizeni pia bei ya skrini iliyotumika iliyo nzima. Matengenezo yakikaribia bei hiyo, kuiacha si israfu. Mwaka uliofuata taa za nyuma za skrini yetu zilichoka, na hesabu ilitufikisha hapo. Hatukuona haya kuipumzisha, kwa kuwa ilikuwa imewasomesha watoto mwaka mzima zaidi.

Lakini kuiacha si kuitupa jalalani au bondeni, ambako zebaki na risasi vitaingia kwenye udongo na maji ya watu wengine. Nchi yetu ina kituo cha kubomoa na kurejeleza vifaa vya umeme kule Bugesera, kilichoanza kazi mwaka 2018. Kusanyeni vya mtaa mzima, mvipeleke pamoja.

Wazazi wetu, mkiwa na skrini nyumbani yenye maradhi, ileteni madrasa baada ya swala ya Alasiri siku ya Jumapili, pamoja na nyaya zake. Tutaipima mbele ya watoto wakubwa, nao wajifunze kuuliza kabla ya kuhukumu. Tunamuomba Allah atujaalie kuwa wenye kutunza amana, kubwa na ndogo.

Wabillahi tawfiq.