Nishani Isiyouzwa Ujiji

Kila mwanaume ana ugonjwa wake. Wa mume wangu si baa wala mpira, namshukuru Mungu. Wake ni medali na nishani za zamani, hasa za Kichina. Akianza kukuhadithia Nishani ya Joka Pacha, iliyoanzishwa na watawala wa Qing mwaka 1882 kwa ajili ya kuwatunuku wageni, jua limekwisha kuzama hujala. Bei zake, jamani, ni za kiwanja, na za bandia zimejaa kila kona.

Kwa hiyo aliposema, "Mke wangu, likizo hii twende Kigoma," nilifurahi, lakini roho yangu ikasita. Kumbe alisikia kuna mzee wa Ujiji mwenye "kitu cha Mchina". Nikaificha mapema nauli ya kurudia kwenye pochi yangu.

Kigoma inakupokea vizuri. Stesheni ya Mjerumani ingali imesimama juu ya bandari, ukumbusho wa reli ya kati iliyofika hapa mwaka 1914. Mbele yako ni Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, la pili kwa kina duniani. Sokoni kuna mawese mekundu, dagaa wa kukaanga na vitenge vya Kongo vya kukufanya usahau bajeti.

Ujiji ni mwendo mfupi tu kwa daladala. Tulianzia makumbusho ya Livingstone, penye miembe, mahali ambapo Stanley alimkuta yule mmisionari mwaka 1871. Pale ndipo mume wangu alipoanza kunifundisha. Livingstone alifariki mwaka 1873, na watu wake, akina Susi na Chuma, wakaubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza ikatengeneza medali 60 za fedha kwa ajili yao. Lakini zilipofika Zanzibar, wengi walikuwa wameshatawanyika na misafara mingine. Wapo ambao hawakuzipata kamwe.

"Leo wakusanyaji wanazitafuta kwa udi na uvumba," akasema.

Nikamuuliza, "Na wenyewe waliozibebea miguu?" Akanyamaza.

Mzee wetu tulimkuta barazani, kofia kichwani, tasbihi mkononi. Tukamwamkia, akatukaribisha kwa chai ya tangawizi. Umri wake umevuka miaka 70. Ujana wake aliumalizia kwenye reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 iliyojengwa kuanzia 1970 na kukamilika 1975, iliyogharimu pia maisha ya Wachina zaidi ya 60. Akaingia ndani, akarudi na kitambaa. Ndani yake, beji ndogo nyekundu yenye sura ya Mao.

Macho ya mume wangu yakawaka. Akataja bei. Mzee akatabasamu tu. Akapandisha. Mimi nikaishika pochi yangu barabara.

"Mwanangu," mzee akasema, "hii sikununua. Nilipewa na fundi wao mmoja tulipolala hema moja, homa imenishika, ananinywesha uji. Kiswahili hajui, Kichina sijui. Nikiiuza, nitakuwa nimeuza uji."

Tukacheka wote watatu. Lakini mwenzenu koo lilinikaba.

Kibirizi, jioni, mitumbwi ikijiandaa kwenda kuvua dagaa kwa taa, mume wangu alikuwa mkimya mno. Nilidhani amenuna. Kumbe anawaza. Akanikumbusha kwamba mwaka 2019 China ilimtunuku Dk. Salim Ahmed Salim Nishani ya Urafiki, heshima yake kubwa kwa wageni. Dk. Salim alikuwa balozi wetu Umoja wa Mataifa mwaka 1971, China iliporejeshewa kiti chake, miaka 100 tangu Stanley afike Ujiji.

"Ile ya Dk. Salim na hii ya mzee," akasema, "ni za urafiki uleule. Moja ina sherehe, nyingine ina uji."

Ndugu msomaji, sitaki kukudanganya kwamba ugonjwa wake umepona. Siku ya pili alinunua nakala ya stempu sokoni, nikamwacha. Lakini ameanza kuuliza swali jipya kabla ya bei: nani alimpa nani, na kwa nini? Hilo swali linafaa hata nyumbani. Pete uliyovishwa ina thamani gani dukani? Na ina thamani gani siku ulipouguzwa?

Ukienda: fika Ujiji asubuhi kabla ya jua kali, mwachie mlinzi wa makumbusho chochote, na ukiona kitu cha zamani mikononi mwa mzee, omba kwanza hadithi. Nishani bila jina la aliyepewa, sanduku wala karatasi zake, usiilipie nauli ya kurudia.