Vuli isiyo na mvua

Wasomaji wangu, najua nimekuwa kimya wiki tatu. Nilipewa likizo, na badala ya kwenda kijijini kama kila mwaka nikamfuata mke wangu Vienna, ambako amemaliza miaka miwili ya shahada ya uzamili. Kumbe bibie alishapanga kila kitu: tupande treni hadi Passau, mpakani mwa Ujerumani na Austria, halafu turudi Vienna kwa baiskeli kando ya Mto Danube. Zaidi ya kilomita 300!

Msinicheke. Mimi mtoto wa Magomeni, baiskeli niliijua kwa kukodi nusu saa. Mwenzangu kakulia Shinyanga, ambako baiskeli ndiyo daladala. Siku ya kwanza jioni, pale Schlögen mto unapojikunja kama unataka kurudi ulikotoka, mapaja yangu yanawaka moto, yeye anapiga miluzi.

Ilikuwa mwishoni mwa Septemba. Vitabu vyetu majira hayo huyaita vuli, neno linalonikera kidogo, maana vuli kwetu ni mvua. Sisi hatukupata hata tone. Asubuhi ukungu umelala juu ya mto, vidole vinakufa ganzi kwenye breki. Mchana jua linatoka, na majani yanapukutika njiani, ya njano na mekundu, unayasikia yakivunjika chini ya tairi. Saa moja jioni, giza.

Halafu njia ni nyembamba, mmoja mbele, mwingine nyuma. Siku nne nilikuwa naangalia mgongo wa mke wangu. Miaka miwili ya kuongea kwa simu, sasa tuko pamoja na hatuongei!

Tuliongea Wachau, bonde la mizabibu kati ya Melk na Krems, ambalo liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Watu walikuwa wanavuna. Wanauza kinywaji kinaitwa Sturm, maji ya zabibu yaliyoanza kuchacha, yanayopatikana wiki chache tu kwa mwaka. Chupa yake haifungwi ikakaza, maana bado kinaumuka na kinaweza kuipasua. Bibie akaonja, akasema, "Togwa ya juzi hii."

Tulikuwa tumekaa Dürnstein, chini ya magofu ya ngome ambamo Mfalme Richard wa Uingereza alifungwa kuanzia Desemba 1192. Akaweka glasi mezani.

"Nimepewa nafasi ya uzamivu. Miaka mitatu."

Mimi, mtu ninayelipwa mshahara kwa kuuliza maswali, nikauliza swali la kijinga kuliko yote: "Na wewe umeshakubali, sivyo?"

"Ningekuwa nimekubali ningekuhangaisha na baiskeli yote hii?"

Nilitaka kutania kwamba hata Richard hakukaa kifungoni miaka mitatu. Nikameza.

Kesho yake hatukusemeshana. Baada ya Krems milima inakwisha, mashamba yanakuwa tambarare, na yeye alikanyaga pedali mpaka akawa kidoti. Ndipo gurudumu langu la nyuma likapata pancha. Sikumwita. Nikakaa kwenye majani nikiwa na tyubu mkononi, sijui pa kuanzia, na kiburi changu kimenikaa kooni.

Alirudi baada ya kama dakika ishirini.

"Si ungeita?"

"Nilidhani hutasikia."

Hakubishana. Akaijaza tyubu upepo, akashuka nayo ukingoni na kuizamisha kwenye maji ya Danube, akiigeuza polepole mpaka mapovu yakaonekana. Akakausha kwa upindo wa sweta yake, akasugua, akapaka gundi, akabandika kiraka. Nikamwangalia usoni kwa mara ya kwanza siku nzima. Alikuwa amelia.

"Jaza hiyo fomu," nikamwambia. "Nauli ya mwakani nitaitafuta."

Akanisogezea tyubu.

"Shika hapa. Bana kwa nguvu, gundi ikauke."