Kabla ya Kumrudisha Tumbusi

Mtu akitaka kujua kama eneo linafaa kurudishiwa ndege wakubwa walao nyama, jicho lake hukimbilia miamba na upepo. Kwa kipimo hicho nyanda za juu za Mbulu zingefaulu mapema. Nambis iko juu, Bonde la Ufa halipo mbali, na mifugo haikosekani. Ukiteremka hadi Yaeda Chini, Wahadzabe wana desturi ya kutazama tumbusi wanakoshukia, wakimbie huko, wawafukuze simba na kuchukua nyama.

Lakini mwongozo wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wa mwaka 2013 kuhusu kurudisha wanyama unadai zaidi: kilichommaliza ndege kijulikane, na kiwe kimeondolewa au kimepungua vya kutosha. Hapo ndipo ugumu ulipo.

Kwetu Afrika Mashariki, muuaji mkubwa ni sumu. Fisi au simba akiua ng'ombe, mwenye mali hutia dawa ya wadudu kwenye mabaki. Tumbusi mmoja akishuka, wenzake humwona toka mbali nao wakafuata, na kundi zima hufa kwa mzoga mmoja. Jike hutaga yai moja tu, hivyo pengo halizibiki upesi. Tangu 2015 tumbusi mgongo-mweupe na tumbusi wa Rüppell wamo katika orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Mfugaji simhukumu, ng'ombe yule huenda ndiye aliyekuwa ada ya mtoto.

California walipitia njia ngumu. Kufikia 1987 ndege wote wa kondori waliobaki, 27, walikuwa wamekamatwa wakalelewe, na mwaka 1992 wakaanza kuachiwa. Madini ya risasi, yanayobaki ndani ya mizoga ya wanyama waliopigwa bunduki, yalikuwa bado yapo porini. Mpaka leo ndege hao hukamatwa, wakapimwa damu na kutibiwa.

Jambo hili la kurudisha bila kuondoa kilichofukuza nimeliona hata majumbani mwetu. Kijana anaitwa arudi kutoka Arusha. Chumba kimepakwa rangi, shamba limetengwa, ila ugomvi wa mpaka uliomfukuza hakuna aliyeugusa. Akiondoka tena tunasema hana shukrani. Tungekaa kikao kwanza, ndipo tumpigie simu.

Kwa hiyo mtaalamu akija Nambis na darubini yake, ningemwomba aanzie kwenye maboma. Aulize ng'ombe wanalala wapi, nani huchunga usiku, na sumu inauzwaje dukani. Huko Simanjiro, humu humu mkoani Manyara, wafugaji wamejenga “ukuta hai”: miti hupandwa iwe nguzo, ikashikishwa wavu wa waya, na kadiri inavyokua ndivyo uzio unavyokaza. Simba akikosa ng'ombe usiku, asubuhi haupatikani mzoga wa kutiwa sumu. Natamani sana kuwaona tumbusi wakizunguka juu ya mashamba yetu, na fedha ya kwanza ya kazi hiyo ningeitumia kununua wavu.