Phoenix wananunua baridi, Tanga tunaifuata mlimani

Hema la kuoteshea mimea ndani ya nyumba halipozi kitu. Nalitanguliza hili kwa sababu hapa Phoenix, Arizona, nimekutana na Waswahili wenzangu, wa Tanzania na wa Kongo, walionunua mahema haya wakiamini kwamba yametengenezwa kukinga mimea na joto la jangwani. Hema ni kitambaa kinene, cheusi kwa nje, kinachong'aa kwa ndani ili mwanga usipotee, kilichovalishwa nguzo za chuma na kufungwa kwa zipu. La kawaida lina sentimita 120 kila upande na kimo cha mita 2. Juu lina tundu la feni ya kutoa hewa, chini lina matundu ya kuingiza hewa, na katikati inaning'inia taa.

Sasa fikiria taa ya LED ya wati 240. Karibu umeme wote unaoingia humo huishia kuwa joto ndani ya hema, kwani kinachochukuliwa na majani kutengeneza chakula ni kidogo sana. Kwa hiyo hema lenye taa inayowaka huelekea kuwa na joto kuliko chumba lilimo, na kazi ya feni ni kupunguza tofauti hiyo tu. Chumba kikiwa na nyuzi 38, feni hata iwe kubwa namna gani italivutia hema hewa ya nyuzi 38. Haina baridi nyingine ya kuleta.

Ndiyo maana gereji, mahali ambapo wengi huliweka ili lisibanane na watu ndani, ni pabaya kuliko pote. Gereji nyingi hapa hazina kiyoyozi. Kiangazi cha 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo, kuanzia tarehe 30 Juni hadi 30 Julai, kila siku joto likifika nyuzi 43 au zaidi. Tarehe 19 Julai usiku ulikataa kupoa: joto la chini kabisa la siku nzima lilikuwa nyuzi 36. Katika hali hiyo mche wa saladi hauna hata saa moja ya kupumua. Hema linatakiwa liwe ndani, kwenye chumba chenye kiyoyozi, mbali na ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri.

Mahema haya yalipata soko kubwa kwa sababu ya bangi, na hilo lisifichwe. Novemba 2020 wapiga kura wa Arizona walipitisha Pendekezo la 207, linaloruhusu mtu wa miaka 21 na zaidi kupanda miche 6 ya bangi nyumbani kwake, au 12 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, mahali penye kufuli pasipoonekana na wapita njia. Ukinunua seti nzima ya hema, hukosi kukuta silinda nzito ya kichujio cha mkaa, ambayo kazi yake ni kumeza harufu. Mimi naotesha giligilani, sukuma wiki, saladi na pilipili mbuzi. Giligilani haihitaji kufichwa harufu yake, na kichujio kile huikaba feni, kwa hiyo nilikitoa na hewa ikaanza kupita vizuri.

Lakini ndugu yangu uliye huku kwa viza, kwa hifadhi ya ukimbizi au kwa kadi ya kijani, ishike habari hii: ruhusa ya Arizona ni ya Arizona. Sheria ya shirikisho bado inakataza, na mambo ya uhamiaji ni ya shirikisho. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, ilitoa mwongozo unaosema kwamba kujihusisha na bangi kunaweza kumzuia mtu kupata uraia kwa hoja ya kukosa mwenendo mwema, hata kama jimbo lake limeihalalisha. Jirani yako raia anaweza kupanda miche 6 na akalala usingizi. Wewe unaweza kupoteza karatasi ulizozingoja miaka. Na kwa walio nyumbani, Tanzania na Kenya zote zinaihesabu bangi kuwa kosa lenye kifungo kirefu. Hema ni chombo tu, na mimi nakiongelea kwa upande wa mboga.

Nilipomweleza habari za hema shangazi yangu wa Muheza, Tanga, kwa simu, baada ya shikamoo na marahaba, aliuliza swali ambalo limenikaa kichwani: "Mwanangu, sasa huko jua halipo hata muwashe taa?" Nikamwambia lipo, limezidi. "Basi si mlitilie kivuli?"

Swali lake lina uzito. Kitalu cha shangazi kiko nyuma ya jikoni: tuta lililoinuliwa shubiri moja, udongo wa chini ya miti uliochanganywa na samadi iliyooza na mchanga, fito nne, na juu yake kichanja cha makuti kwenye kimo cha kiuno. Upande wa mashariki ameuacha wazi ili miche ipate jua la asubuhi, na wa magharibi umeshuka karibu hadi chini. Anamwagilia alfajiri na jioni. Wiki ya mwisho kabla ya kuhamisha miche huanza kuyapunguza makuti, kuti baada ya kuti, na maji huyapunguza vilevile, mpaka miche ikomae shina na kulizoea jua. Jua la saa sita pale Muheza lina nguvu mara nne ya taa yangu au zaidi, na yeye analipokea bure, kisha anakata asichokihitaji.

Nimejaribu kukipigia hesabu kitalu changu kama angekiendesha yeye. Taa ya wati 240 ikiwaka saa 12 kwa siku inakula karibu yuniti 86 kwa mwezi. Kiyoyozi nacho lazima kiliondoe joto la ile taa, na kwa kawaida hutumia thuluthi moja ya umeme huo kuliondoa, yaani kama yuniti 29 nyingine. Jumla ni yuniti 115. Tanzania, mteja mdogo wa nyumbani anayelipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya makato hatakiwi kuzidi yuniti 75 kwa mwezi. Hema moja la miche lingemtoa shangazi kwenye bei ya wanyonge hata kabla hajawasha balbu ya sebuleni.

Hapa Phoenix kuna makampuni ya umeme yanayotoza bei kubwa saa za alasiri na jioni, viyoyozi vya mji mzima vinapokuwa vimewaka. Kwa hiyo mchana wa mimea yangu huanza saa nne usiku na kuisha saa nne asubuhi. Umeme ni nafuu, nyumba ina nafuu ya joto, na taa huzimika kabla jua la mchana halijaanza kulipiga paa kwa ukali. Zile saa 12 nilizichagua kwa makusudi. Giligilani ikipata siku ndefu pamoja na joto huharakisha kutoa maua, na majani yake hubaki nyuzinyuzi. Kiangazi cha Phoenix kina siku za saa 14. Ndani ya hema naipa siku ya Tanga, na inatulia, inaleta majani.

Kinachonishughulisha zaidi ni hewa. Watu husema "nchi ya joto" kana kwamba joto ni moja. Mwezi wa Juni hapa unyevu wa hewa alasiri hushuka hadi asilimia 10 na chini ya hapo. Ukikigusa kitambaa cha hema ndani unakikuta kikavu kama karatasi, ncha za majani ya saladi zinaungua na kuwa kahawia, na ukigeuza jani la pilipili unaona vumbi jepesi linalotembea. Lile si vumbi, ni utitiri, na hewa kavu yenye joto ndiyo inayoustawisha. Dawa ya hali hii ni maji. Hewa ya nyuzi 42 yenye unyevu wa asilimia 10, ikipitishwa kwenye pedi zilizolowa, inaweza kushuka hadi nyuzi 23 au 24, na nyumba nyingi za zamani za Phoenix zilipozwa kwa mashine za namna hiyo kabla viyoyozi havijaenea. Mvua za Julai zikija, hewa ikipata unyevu, mashine hizo huishiwa nguvu.

Chukua sasa mashine hiyohiyo uipeleke Tanga mwezi wa Februari. Hewa ina nyuzi 32 na unyevu asilimia 70. Hata maji yakifanya kazi yake yote, hayatakushusha chini ya nyuzi 27, na hewa utakayoipata itakuwa imelowa kabisa. Mtungi wa maji wa Dodoma hupoa vizuri wakati wa kiangazi kuliko wa Tanga kwa sababu hii hii. Mmea nao hujipoza kwa kutoa maji kupitia majani, na hewa ikishajaa mvuke hauna pa kuyatolea. Jani linabaki la moto na limelowa, na hapo ukungu huingia. Hema lililofungwa zipu pwani lingekuwa nyumba ya ukungu. Kule kinachosaidia ni upepo na kivuli, na shangazi anavyo vyote viwili bila kununua.

Mboga zisizovumilia joto je? Kwetu hakuna aliyejaribu kuipoza Tanga kwa ajili ya kabichi. Tuliipandisha kabichi milimani. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6, na Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Ukishuka kwenye basi ukitokea Mombo bondeni unahisi tofauti hiyo kwenye mikono kabla hujavuta sweta. Kabichi, karoti, saladi na koliflawa hulimwa kule Usambara, kisha malori huteremka nazo usiku kwenda Tanga na Dar es Salaam. Mombasa nayo inapata zake kutoka milima ya Taita. Huo ni ubaridi wa kudumu usiokatika umeme ukikatika.

Phoenix nayo ina majira, na wakulima wake wameyaelewa. Msimu wa sukuma wiki na saladi hapa ni Oktoba hadi Machi. Kiangazi ndicho kipindi cha kupumzisha bustani, kama vile wenzao wa kaskazini wanavyoipumzisha kipindi cha theluji. Kwa hiyo hema langu lina kazi mbili zenye maana: mwezi wa Agosti na Septemba linalea miche ya sukuma wiki na kabichi itakayotoka nje Oktoba, na Desemba na Januari linalea nyanya na pilipili za kupandwa Februari na Machi. Kuvusha sukuma wiki kwa taa mwaka mzima ni kulipia kitu ambacho kalenda inakupa.

Na mchicha usiuingize hemani. Mama mmoja Mkongo ninayeshiriki naye bustani ya jamii huupanda mchicha huohuo, auitao lengalenga, nje mwezi wa Julai, wakati wengine wamekimbilia ndani, akiufunika udongo kwa nyasi kavu na kuupa mmea maji kila alfajiri. Mmea huu una namna ya kutengeneza chakula sawa na ile ya mahindi na mtama, hupenda jua kali na joto, na majani anayochuma yeye ni mapana kuliko kiganja.

Kuna jambo moja la huku ambalo ningependa lifike nyumbani, nalo ni kupima. Sisi tulio nje hupenda kutuma pesa ndugu wajengewe kitalu nyumba cha plastiki, kwa sababu picha zake ni nzuri. Nyumba ile ilibuniwa nchi za baridi, ili jua liingie na joto lisitoke. Inafaa Lushoto, Arusha, au Limuru, kwenye usiku wa baridi. Ukiijenga Muheza au Kilifi na kuifunga pande zote, nyanya hurefuka, huchanua, kisha maua yote hudondoka, kwa sababu chavua huharibika mchana ukizidi nyuzi 35 na usiku usiposhuka chini ya 24. Watu hulaumu mbegu. Kipimajoto kinachohifadhi joto la juu na la chini la siku, kikining'inizwa kwenye kimo cha mimea, kingewaambia ukweli ndani ya wiki moja, na bei yake haifiki hata bei ya roli la plastiki.

Kwa shangazi tumekubaliana hivi. Kuta zitakuwa za neti ya wadudu, kwa sababu ya kanitangaze anayetafuna nyanya Tanzania tangu 2014. Neti yenye matundu madogo huzuia upepo, kwa hiyo paa litakuwa juu, mita 4, lenye mwanya wazi kileleni ili hewa moto ipande na kutoka. Kichanja chake cha makuti kitabaki kilekile. Nyanya zitasiwa Aprili, zihamishwe Mei, zichanue Juni kipupwe kikiingia na usiku kupoa. Plastiki itakuwa juu tu, ya kuzuia mvua ya masika isiipige miche, na ataiondoa mwenyewe masika yakikatika.