Nusu alama iliyonikamata

Najua nimekuwa kimya kwa muda. Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha, nina hesabu tu. Tena za kidato cha nne!

Mdogo wangu anajiandaa kwa KCSE, na jioni tunafanya maswali ya karatasi ya pili. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima, ya pili unachagua 5 kati ya 8. Mimi na digrii yangu ya kompyuta nilidhani nitakuwa nakunywa chai huku nikisahihisha.

Tulianza vizuri. Una waya wa mita 40 wa kuzungushia kiwanja pande tatu, upande wa nne ni ukuta. Eneo kubwa zaidi ni lipi? Akaandika eneo kama fanksheni, x(40 − 2x), akapata x ni 10 na eneo mita za mraba 200. Safi.

Kisha tukafika kwenye takwimu. Alama za wanafunzi 40 zimepangwa kwa makundi: 31–40 wako 6, 41–50 wako 10, 51–60 wako 14, 61–70 wako 7, 71–80 wako 3. Tafuta mediani, yaani alama ya katikati. Nusu ya 40 ni 20. Makundi mawili ya kwanza yana watu 16, kwa hivyo tunaingia kundi la 51–60 kwa watu 4 kati ya 14, tukichukulia kwamba wamesambaa sawasawa. Nikaandika 51 + (4/14 × 10), nikapata 53.86. Yeye akapata 53.36.

"Kaka, umeanzia wapi?"

"51. Si ndiyo imeandikwa hapo?"

"Lakini alama zimekadiriwa hadi namba nzima. Mwenye 50.5 ameandikiwa 51. Kundi linaanzia 50.5."

Nikafungua majibu nyuma ya kitabu. 53.36. (Chai ikapoa.)

Ningeishia hapo, lakini usiku nikakumbuka kwamba kazini kuna ripoti niliyoiandikia programu mwenyewe. Inachukua umri wa wateja kwa makundi na kutoa mediani. Nikawasha laptopu kuhakikisha nimetoa ile nusu. Nilikuwa nimeitoa. Nikafurahi kama dakika moja hivi.

Umri haukadiriwi kama alama! Mtu wa miaka 50 na miezi 11 ukimuuliza atakwambia ana 50. Haingii 51 mpaka siku yake ya kuzaliwa ifike. Kwa hivyo kundi la umri wa 51–60 linaanzia 51 kamili na kuishia siku anapotimiza 61. Ile fomula nilikuwa nimeinakili mahali bila kujiuliza nusu inatoka wapi. Nyumbani sikuitoa palipostahili, kazini niliitoa pasipostahili, na kila ripoti iliyotoka ilipunguza mediani kwa nusu mwaka.

Nusu mwaka si nyingi, na sidhani kuna mtu angegundua. Hapo ndipo palinisumbua: kunyamaza kulikuwa rahisi. Asubuhi nilirekebisha mstari mmoja wa kodi, nikamwandikia bosi kueleza, na ripoti za zamani tukazitoa upya. Alijibu kwa neno moja, "Sawa." Sijui kama alikasirika.

Leo jioni ni tanjenti za duara. Mdogo wangu ameniambia nije na penseli, kalamu niiache.