Seva Moja, Laini Mbili

Wasee, niliacha kampasi mwaka wa pili karo iliponishinda, na tangu hapo kodi yangu hutoka kwa seva moja ya kukodisha. Ndani yake kuna tovuti 11 za biashara ndogo ndogo na barua pepe zao. Mwezi uliopita mteja wangu mmoja, mama anayeuza keki za harusi, alinipigia saa moja asubuhi. "Kijana wangu, kwani invoisi zangu zinaenda wapi? Siku tatu hakuna mtu amenijibu."

Kuangalia logi, roho ikaruka. Zote zimerudishwa. Mteja mwingine alikuwa amenunua orodha ya watu asiowajua akawatumia matangazo usiku kucha, na kwa sababu wote hutoka kwa anwani moja ya IP, sifa yake mbaya ikawa ya kila mtu. Nikamfungia. Lakini anwani ilikuwa ishachafuka.

Nikalipia anwani ya pili. Kuiweka si kazi: Linux inaruhusu kadi moja ya mtandao kubeba anwani kadhaa, amri ni ip addr add tu. Kama simu ya laini mbili. Nikatuma barua ya majaribio. Ikarudi vilevile! Saa nane usiku ndio nikaelewa. Simu hukuuliza unapiga na laini gani, seva haiulizi. Anwani mpya ilikuwa inapokea, lakini kila kinachotoka kilipitia ile ya zamani. Ikabidi niiambie Postfix waziwazi, kwa smtp_bind_address, itoke na mpya. Halafu rekodi ya SPF ya yule mama itaje anwani hiyo, na jina la kinyume liwekwe, yaani anwani ikiulizwa wewe ni nani, ijibu kwa jina la seva yangu. Bila hayo wapokeaji wengi hukukatalia mlangoni. Na usipoiandika kwenye faili ya netplan, ukiwasha seva upya inapotea. (Ndiyo, ilipotea.)

Lakini nyinyi mnaouzia watu IP moja kwa kila tovuti, wacheni hizo. Zamani tovuti yenye HTTPS ilihitaji anwani yake. Siku hizi kivinjari hutaja jina la tovuti mwanzoni kabisa, kwa SNI, na zangu zote 11 zinakaa pamoja bila shida. IPv4 nzima ni anwani kama bilioni 4.3, na akiba kuu ya dunia iliisha Februari 2011. Ndio maana ya pili nailipia kila mwezi.

Invoisi zilifika Alhamisi. Harusi mbili zilikuwa zimeshaenda kwa mwokaji mwingine, nikamrudishia yule mama pesa ya mwezi. Jioni mamangu akaniuliza mbona nina uso huo. Nikamwambia nilikuwa nabadilisha anwani.

"Kwani umehama?"